Mapaa Mawili Yasiyogusana

Tangu nistaafu, sebule yangu hapa Kitale imegeuka ofisi. Anakuja kijana, amevaa vizuri, viatu vinang'aa, mkononi ana bahasha ya kaki. Ananiita Madam. Anasifu maua yangu. Anasifu chai kabla hajaionja. Mimi namtazama tu, maana najua kinachokuja. "Madam, nimeamua kwenda ng'ambo, lakini wanasema lazima kwanza vyeti vyangu vya usanifu wa majengo vitathminiwe."

Sasa nimechoka kurudia maneno yale yale. Nayaandika hapa, myasome wenyewe, mniache nipalilie vitunguu vyangu. Sitafuata mpangilio wowote kwa sababu hata kichwani mwangu hayajapangwa. Mkipata la kuwafaa, vizuri. Msipopata, angalau mtacheka.

Kwa asiyenijua: naitwa Naliaka. Nimechora ramani za nyumba za watu wa Kitale na Bungoma maisha yangu yote ya kazi, mpaka macho yakaanza kuona mistari miwili pale nilipochora mmoja. Ofisi yangu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harjit, na miaka yote hiyo nilichora nikisikia mabati yakipakiwa kwenye malori huko chini. Mpaka leo kukiwa kimya sana nashindwa kufikiri. Vijana niliowafunza wametawanyika. Mmoja yuko Kanada, mwingine Uingereza, na mwingine aliacha usanifu akafungua hoteli pale Kanduyi, na chapati zake ni nzuri kuliko michoro yake ilivyokuwa. Lakini habari nitakayowaeleza kwa kirefu ni ya Nekesa, aliyeenda Australia, kwa sababu nusura asiende.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wenu mnapokwama kabla hata ya kutoka nyumbani. Kitambulisho cha Nekesa kilisema Violet Nekesa Wanjala. Cheti cha kidato cha nne kilisema Nekesa Violet. Digrii ikasema Violet N. Wanjala. Halafu akaolewa, pasipoti ikaongeza Barasa. Sisi tunajua huyo ni mtu mmoja, binti wa Wanjala wa Ndalu. Kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta upande wa pili wa dunia, hao ni wanawake wanne, na mmoja wao ana mume. Nendeni kwa wakili mapema, mle kiapo kwa maandishi kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, jambo liishe.

Halafu msinung'unike mkiambiwa mfanye mtihani wa Kiingereza. Najua. Mlisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na mkaadhibiwa shuleni kwa kuongea Kibukusu. Fanyeni tu. Kijana mmoja alikataa katakata, akawaandikia barua ndefu ya kulalamika kwamba yeye Kiingereza anakijua. Barua yenyewe ilikuwa na makosa mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Barua ya mwajiri nayo iombeni wakati mwajiri bado anacheka nanyi. Tena mwambieni la kuandika. Nimeshaona barua ya kurasa mbili iliyoandikwa na msanifu mkubwa tu, ikisema kijana huyu ni mwadilifu, hanywi pombe, anawahi kazini, na huimba sauti ya tatu kanisani. Nyumba hata moja haikutajwa. Jamani, huko hawatafuti wanakwaya. Wanataka kujua ulichora nini, nani alikusimamia, jengo lilisimama au lilianguka, na wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ulifanya lipi.

Ndiyo maana tathmini yenyewe si jambo la ajabu kama mnavyolifanya. Watu ambao hawajawahi kuiona shule yako wala nyumba uliyochora wanataka kujua kama wewe ni msanifu kweli. Unawapelekea vyeti, matokeo na maelezo ya kila somo, barua za waliokusimamia, na mkusanyo wa kazi zako: ramani, picha za jengo likijengwa, na maneno yako mwenyewe. Wakiridhika wanakuita kwa mahojiano. Wakiridhika tena unapata karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayokufungulia njia ya viza ya mtu mwenye ujuzi. Basi.

Mimi sikufunzwa na mtu wa ng'ambo. Nilifunzwa kuchora na Mzee Sharif, mchoraji ramani wa pale Bungoma, karibu na msikiti. Chuo nilienda baadaye, lakini mkono wangu ni wa Mzee Sharif. Nyakati hizo tulichora kwa wino kwenye karatasi nyororo inayoonyesha kilicho chini yake, na ukikosea hapakuwa na kubonyeza kitufe. Ulichukua wembe ukakwangua wino taratibu, halafu ukasugua mahali hapo kwa ukucha mpaka palainike, la sivyo wino mpya ungesambaa kama chai kwenye mkate. Nakala zilitolewa kwa mashine ya amonia, na harufu yake ilitutoa machozi sote. Wateja walidhani tunalia kwa sababu ya bei.

Ofisini kwa Mzee Sharif palikuwa na benchi refu la mbao nzuri mno, la kukalia wageni. Lilikuwa la ajabu, kwa sababu upande mmoja lilikuwa na droo. Siku moja nikamwuliza mbona benchi lina droo. Akacheka. "Hiyo si benchi, mama. Hiyo ni kaunta ya duka."

Akanieleza kwamba alipokuwa kijana alitumwa kupima duka fulani la zamani ili mwenye duka atengenezewe kaunta mpya. Ukuta wa duka ulikuwa umepinda. Mzee Sharif alikuwa na mkono mzuri na aliona vibaya kuchora ukuta uliopinda, akaunyoosha kwenye karatasi. Kaunta ikaja, imepigwa msasa na kupakwa vanishi, ikakataa kuingia. Ikabidi aichukue yeye. "Sasa kila siku nakaa juu yake," akaniambia, "ili makalio yangu yakumbuke. Chora kwanza kilichopo. Halafu ndiyo uchore unachotaka."

Maneno hayo nimewaambia vijana wote waliopita ofisini kwangu. Nekesa aliyasikia pengine kuliko wote, kwa sababu alikaa nami kuliko wote. Alikuwa mchoraji hodari, mkaidi, mcheshi, na alikuwa na tabia moja ambayo sikumfundisha mimi: kabla hajagusa penseli alikuwa akikaa na mteja na kumsikiliza. Wasanifu wengi huwa wanangoja tu mteja anyamaze.

Sasa niwapeleke Kabuchai.

Mwalimu Wafula alikuwa na shamba lake la miwa huko na alitaka kujenga nyumba ya kudumu. Shida yake ilikuwa mama mkwe. Yule mama mzee, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, alikuwa na presha na sukari, kliniki yake iko Bungoma mjini, na mtoto pekee aliyebaki karibu wa kumtunza alikuwa bintiye, mkewe Mwalimu. Kwa hivyo ilibidi aishi kwa mkwe wake. Na hilo, kwa Wabukusu, ni gumu. Mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiko kabisa hakuwezekani. Siku hizi wako wanaosema wameokoka na mambo hayo yamepita. Kukhu alikuwa ameokoka pia, tena kanisani anakaa kiti cha mbele, lakini kwa mkwe wake halali.

Wana wa Kukhu walikuwa wamemjengea kijumba kule chini, karibu na lango la Mwalimu. Akaanguka humo mara moja na hakuna aliyesikia mpaka asubuhi. Mwalimu akaja ofisini akiwa amechanganyikiwa. "Injinia," akamwambia Nekesa, maana huku kila anayeshika rula ni injinia, "nataka huyo mama akikohoa, bibi yangu asikie. Lakini mimi nisikuwe nimelala nyumba moja na yeye. Hiyo unaweza kuchora?"

Mimi ningemwambia ahamishe kijumba. Nekesa alienda Kabuchai, akashinda huko, akarudi na mchoro nilioutazama mara mbili. Nyumba kubwa, na kando yake chumba cha Kukhu, chenye mlango wake wa nje, choo chake na kibaraza chake. Kati ya kuta mbili aliacha kichochoro cha kupita mtu mmoja. Dirisha la jikoni linatazamana na dirisha la Kukhu, hata kikombe cha chai kinaweza kupitishwa mkono kwa mkono. Juu ya kichochoro, paa la nyumba kubwa linatokeza mbele na kupita juu ya paa dogo, kwa hivyo mvua haiingii, lakini bati la juu haligusi bati la chini. Kuna nafasi katikati. Ukiwa mbali unaona nyumba moja. Ukikaribia unaona ni nyumba mbili zinazosikilizana.

Fundi alikuwa Simiyu, mtu makini, na aliijenga ilivyochorwa. Siku ya kumaliza, Kukhu alitoka na ufagio wenye mpini mrefu. Alimwambia Simiyu apande ngazi aupitishe ule mpini katikati ya mabati, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, yeye akiwa amesimama chini anatazama. Simiyu akasukuma ufagio polepole mpaka ukatokea upande wa pili. "Haigusi, Kukhu!" Kukhu akapiga kigelegele, na jioni hiyo akahamia. Kuna mtu alipiga picha: Simiyu juu ya ngazi na ufagio wake, Nekesa chini akiwa na kofia ngumu ya kazi, anacheka meno yote nje.

Mwaka mmoja baada ya mimi kufunga ofisi, Barasa, mumewe Nekesa, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Australia na kutangulia. Nekesa naye akatafuta, akapata ofisi moja ya wasanifu huko iliyomtaka. Lakini walimwambia wazi: lete karatasi ya tathmini, nafasi tutakushikia kwa muda, si milele. Marafiki wakamshauri aende tu kama mke wa Barasa. Huko kuna kazi ya kutunza wazee, wakamwambia, inalipa vizuri. Hakuidharau kazi hiyo; mumewe naye anatunza watu, na ndiyo inayowalisha. Lakini mimi aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Madam, nikiingia kule kama bibi ya mtu, sitashika penseli tena. Najijua. Nitazoea."

Akapeleka makaratasi yake yote. Nami nikapeleka barua yangu, na haikutaja kwaya. Tukangoja.

Asubuhi moja nikapata barua pepe kutoka kwa watathmini, kama msimamizi wake wa zamani. Ilikuwa ya adabu sana, na adabu ya namna ile hunitia hofu. Walisema kwamba katika mradi mmoja wa makazi, ramani inaonyesha nyumba moja, paa moja, na mlango wa ndani unaounganisha ukumbi na chumba cha pembeni. Lakini katika picha ya jengo hilohilo kunaonekana mapaa mawili, na mwanamume aliye kwenye ngazi akipitisha ufagio katikati yake. Je, mimi naweza kuthibitisha kwamba mradi huo kweli ni kazi ya mwombaji? Kwa lugha nyepesi: huyu mtu wako ameiba kazi ya mtu mwingine?

Kabla sijapata miwani yangu nijibu, Nekesa alikuwa mlangoni. Naye alikuwa amepata barua kama hiyo. Hakusifu maua wala chai.

"Madam, nimekwisha."

"Mlango umetoka wapi, Nekesa?"

Akatazama chini. Alikuwa amechora upya. Alipokuwa akiandaa mkusanyo wake aliitoa ile ramani ya Kabuchai, akaziba kichochoro, akaunganisha mapaa, akaweka mlango wa ndani. Nyumba ikawa kama zile za kwenye majarida. Picha aliiacha kwa sababu ndiyo pekee iliyomwonyesha yeye akiwa kazini, na hakudhani kuna mtu angetazama mabati.

"Niliona aibu," akasema. "Ningewaeleza aje? Ati mtu hawezi lala nyumba moja na mama ya bibi yake? Si wangeona sisi tuko nyuma?"

Nikamwacha anywe chai. Ndipo akasema lile lililonipandisha hasira.

"Lakini si tunaweza sema tu fundi alikosea? Ukiandika wewe, watakubali. Kila mahali fundi hukosea, bana."

Vijana wangu, hapa nawaomba msikilize. Katika kazi yetu hakuna uongo mtamu kuliko huo. Ngazi imezidi kimo, fundi alikosea. Dirisha linatazama choo cha jirani, fundi alikosea. Fundi hayupo, hana barua pepe, hatajua. Nami nawaambia kwamba kwa nusu dakika niliufikiria, maana nilimpenda yule msichana na niliona maisha yake yakiponyoka. Halafu nikamwona Simiyu kwenye ngazi na ule ufagio.

"Simiyu alijenga kwa kipimo chako mpaka kidole cha mwisho," nikamwambia. "Weka kikombe chini. Tunaenda Kabuchai."

"Kufanya nini?"

"Kutazama ukuta uliopinda."

Nikawasha pikapu yangu kuukuu na tukaenda. Mwalimu Wafula alitupokea kwa furaha, tukaketi sebuleni, mkewe akaenda jikoni kuandaa chai. Nikamwambia Nekesa aeleze mwenyewe. Akaeleza yote, kichwa chini. Alipofika kwenye mlango, Mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mlango! Kati yangu na mama! Sasa mimi ningehamia wapi, kwa miwa?"

Sote tukacheka, hata Nekesa kidogo. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya kichochoro, kupitia dirisha la Kukhu na dirisha la jikoni mpaka kwetu. Alikuwa akiongea na bintiye, maana hawezi kumsemesha mkwe, lakini aliongea kwa nguvu ili sote tusikie.

"Mwambie huyo msichana. Watoto wangu walinijengea kule chini kwa lango, kama mbwa. Hakuna mwenye aliniuliza kitu. Yeye alikuja akakaa na mimi, akaniuliza, Kukhu, usiku unataka kusikia nini? Nikamwambia nataka kusikia mtoto wangu akifunga mlango, nijue amelala. Na sasa nasikia. Kila usiku nasikia. Hiyo ndiyo anaonea aibu?"

Nekesa alisimama, akaenda mpaka kwenye kile kichochoro, akasimama hapo katikati ya kuta zake mbili akitazama juu kwenye ule ufa wa mwanga kati ya bati na bati. Alilia, na nikamwacha alie, kwa sababu wakati mwingine kulia ni sehemu ya kupima.

Tukarudi mpaka Kamukuywa. Hapo akaniuliza kama bado nina michoro ya kwanza ya penseli. Nilikuwa nayo. Mimi situpi mchoro. Ilikuwa na alama zangu nyekundu, hesabu zake za mteremko wa paa pembeni, na alama za vidole vya saruji vya Simiyu kwenye kona. Akaketi mezani kwangu akaandika ukweli wote: ramani niliyowaletea si ya nyumba iliyojengwa, niliibadilisha mimi kwa sababu niliogopa hamtaielewa, ya kweli ni hii, na sababu yake ni hii. Nami nikaandika yangu. Ilikuwa fupi. Nilisema kazi ni yake, kosa la kuibadilisha ni lake pia, na fundi hakukosea popote.

Tulipotuma, aliniambia, "Madam, wanaweza kunifungia kabisa."

"Wanaweza," nikasema. Sikutaka kumdanganya siku hiyo.

Walikaa kimya hata nikaanza kupalilia vitunguu ambavyo havikuwa na magugu. Halafu wakamwita kwa mahojiano ya mtandaoni, saa mbili asubuhi kwa saa zetu, kule kwao ikiwa alasiri. Nyumbani kwangu stima hupotea ikitaka. Tukaenda kwa Bwana Harjit, ambaye ana jenereta na mtandao unaotegemeka, naye akatupa ofisi yake ya nyuma ya duka. Tatizo ni kwamba asubuhi hiyo lori lilikuwa limekuja kuchukua mabati, na mnajua mlio wa mabati yakitupwa juu ya lori.

Bwana Harjit akatoka nje mwenyewe, kilemba chake kimenyooka. "Hapana shika bati! Weka chini! Leo hapana toa bati mpaka hii mtoto maliza!" Mwenye lori akalalamika kwamba anangojwa Ndalu. "Ngoja na wewe," akajibiwa. "Iko mtihani hapa ndani." Wapakiaji wakaketi juu ya mabati, mmoja akanong'ona kama aliyeko kanisani. Duka zima likawa kimya, na mimi, kama nilivyowaambia, kwenye kimya siwezi kufikiri. Nikaketi nje ya mlango wa ofisi, nimeshika mkoba.

Walianza kwa kumkaripia. Sikusikia kila neno, lakini sauti ya kukaripiwa haihitaji kufafanuliwa. Mwanamume alimwambia kwamba kubadilisha mchoro kungetosha kumaliza maombi yake. Nikamsikia Nekesa akisema ndiyo, anaelewa. Halafu sauti ya mwanamke ikamwomba aeleze ile nyumba. Nekesa akaanza polepole. Akaeleza Kukhu alivyoanguka. Akaeleza heshima ya mkwe, na kwa nini kijumba cha mbali kilikuwa heshima lakini pia hatari. Akaeleza madirisha yanayotazamana, mteremko wa mapaa, mvua ya Kabuchai inatoka upande gani. Sauti yake ikaanza kupanda, ikawa ile niliyoizoea ofisini, ya mtu anayejua anachosema na yuko tayari kugombana.

"Na yule bibi ndiye aliyepima kwa ufagio?" mwanamke akauliza.

"Ndiyo," akasema Nekesa. "Na katika kazi zangu zote, huo ndio ukaguzi pekee niliouogopa."

Halafu nikasikia kicheko kutoka kwenye kompyuta, na sauti ya yule mwanamume wa kukaripia ikiwa ndani yake. Wakamwuliza kuhusu mapaa tu mpaka muda ukaisha.

Alipotoka, Bwana Harjit alimwuliza, "Maliza?" Nekesa akaitikia kwa kichwa. Bwana Harjit akapaza sauti, "Haya, toa bati!" na mabati yakaanza kulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikaweza kupumua.

Alipita. Karatasi ilikuja na nafasi yake bado ilikuwepo. Nilimsindikiza, nikarudi nyumbani, nikalia kama mtoto. Sitawaficha. Nawafunza, nawaandikia barua, na kila barua nzuri ninayoandika inanipunguzia mtu. Nani atachora nyumba za Ndalu mkiondoka wote? Swali hilo silijibu mimi. Nawaachia nyinyi mlibebe kwenye bahasha zenu.

Mwezi uliopita Nekesa alinipigia simu. Mama yake alikuwa amemtembelea kutoka Ndalu. Mnaona tatizo lenyewe. Nekesa na Barasa wanaishi ghorofani, nyumba ya vyumba viwili, mlango mmoja, na paa moja la watu wengi. Mama huyo ni mkulima wa mahindi, hajawahi kulala kwa mkwe wake hata siku moja, na pale uwanja wa ndege, kabla hata ya kuulizia choo, alisema, "Na Barasa atalala wapi?"

"Barasa aliomba zamu ya usiku, Madam," Nekesa akaniambia. "Muda wote mama akiwa hapa. Akirudi asubuhi, mimi nishatoka na mama."

"Mnaenda wapi?"

"Kazini. Nilimwomba bosi. Mama anakaa kando ya meza yangu anasuka kikapu."

Miaka yote mama yule alikuwa akiniuliza, tukikutana sokoni, kama huyu mtoto kweli analipwa kwa kuchora tu. Nekesa akaniambia kwamba siku ya tatu mama aliacha kusuka, akamtazama akichora kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe nyumba hutoka hapa." Nadhani sote wawili kwenye simu tulikuwa tunapangusa macho.

Jana amenitumia mchoro. Hawana hata kiwanja bado, wanaweka akiba, lakini ni nyumba yao wenyewe, na anataka niikague kama zamani. Nikaichapisha pale kwa Bwana Harjit, nikavaa miwani, nikachukua rula yangu. Sikutazama jiko, sikutazama vyumba. Nilienda moja kwa moja kwenye mchoro wa paa, pale nyumba kubwa inapokutana na chumba cha pembeni, nikapima. Halafu nikamwandikia maneno mawili tu.

Ufagio unapita.